Kubonyezwa Rasmi kwa Kitufe cha F2

TANGAZO KWA UMMA. Wananchi wote wa Halmashauri ya Kabuhelele, wakulima, wafugaji, wachimbaji wadogo na wale wasio na shughuli maalumu, mnatangaziwa kuwa siku ya Ijumaa, saa nne kamili asubuhi, katika ukumbi mkubwa wa Halmashauri, kitufe cha F2 kitabonyezwa. Mgeni rasmi atatoka mkoani. Wote mnakaribishwa. Mifugo ibaki nje.

Tangazo hilo aliliandika Eustace Malale, Afisa Itifaki, na akalisoma mwenyewe kwenye gari la matangazo, kuanzia barabara ya Masumbwe mpaka kule machimboni, ambako karasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu, zilizimwa dakika tano ili watu wasikie. Mchimbaji mmoja akauliza, kwa hiyo F1 ilibonyezwa lini? Eustace akamjibu kwamba suala hilo linafanyiwa kazi. Alikuwa na miaka kumi na tisa kwenye itifaki na hakuna swali lililowahi kumkuta hana jibu la namna hiyo.

Ilikuwa hivi.

Laptopu ya Mkurugenzi, Ndugu Benedict Lugalila, ilikuwa imegoma. Ukiiwasha inatoa nembo ya kampuni, halafu vinakuja vile vidoti vinavyozunguka, vinazunguka, vinazunguka mpaka chaji inaisha. Kwa siku nne Mkurugenzi aliamini kwamba ndivyo inavyofanya kazi, na kwenye taarifa ya wiki akaandika: kazi zinaendelea. Siku ya tano alihitaji kuchapa barua, ndipo ikagundulika.

Barua yenyewe ilikuwa ya kumfukuza kazi Mwalimu Martina.

Huyu Martina alikuwa mkuu wa Sekondari ya Wasichana Kabuhelele, na pia ndiye mwalimu pekee wa hesabu pale. Kosa lake lilikuwa zito. Wafadhili walileta kompyuta kumi na mbili kwa ajili ya shule yake, zikashushwa makao makuu ya Halmashauri, zikaingia stoo, na Martina akazipoteza kabla hajazipokea. Hati ya mashtaka ilisema hili linaonesha uzembe wa hali ya juu, maana mtu makini angepokea kwanza, ndipo apoteze. Kamati ya nidhamu ilimkuta na hatia Jumatano, na uchunguzi ukapangwa uanze Alhamisi.

Kilichobaki ni kuchapa tu. Lakini upo waraka unaosema barua ya kumfukuza mtumishi lazima ichapwe kwenye kompyuta ya Mkurugenzi mwenyewe, siyo ya karani, siyo ya stendi. Basi Martina akaamriwa awe anaripoti kila siku saa moja na nusu asubuhi, akae kwenye benchi nje ya ofisi hadi hatima yake itakapochapwa. Alikuwa wiki ya tatu sasa. Wasichana arobaini na tatu wa Kidato cha Nne walikuwa hawana mwalimu wa hesabu, na mtihani wa taifa ulikuwa wiki sita mbele. Wakawa wanamletea madaftari kwa siri, anasahihishia pale pale kwenye benchi. Eustace aliliona hilo na hakuliandika popote, kwa sababu mmoja wa wale arobaini na tatu alikuwa Klara, binti yake.

Afisa TEHAMA wa Halmashauri alikuwa masomoni mwaka wa sita, akisomea cheti cha miezi tisa. Kwa hiyo Jumatatu akaitwa fundi Violeth, mwenye banda jirani na stendi ya Masumbwe, katikati ya muuza chipsi na duka la vipuri vya karasha.

"Shikamoo mzee," alisema Violeth alipomkuta Eustace mapokezi.

"Marahaba. Umekuja kwa ajili ya kompyuta mpakato?"

"Nimekuja kwa ajili ya laptopu."

"Jaza kitabu cha wageni. Hapo kwenye madhumuni usiandike 'kuangalia'. Andika 'ukaguzi wa kitaalamu'."

Violeth akajaza. Alipogeuka akamwona mtu kwenye benchi, akapiga goti kidogo. "Shikamoo madam!"

"Marahaba, Violeth mwanangu. Bado unaandika saba kama moja?"

"Bado, madam. Wateja wamezoea. Sasa mbona uko huku, leo si siku ya shule?"

"Nasubiri hiyo mashine unayokwenda kuitengeneza ipone," alisema Martina, akigeuza ukurasa wa daftari. "Ikipona wananifukuza."

Violeth akamtazama Eustace. Eustace akatazama dari, ambayo ilikuwa inahitaji ukarabati.

Ndani, Mkurugenzi alitaka aelezwe kwa ufupi.

"Ni kitu kidogo, mkuu," alisema Violeth. "Naizima, naiwasha. Ile nembo ikitokea tu, nabonyeza F2, chap, naingia bayosi. Bayosi ni yale mambo mashine inayajua hata kabla haijaamka. Naiambia ianze na flashi yangu badala ya diski. Inakubali, napiga Windows upya, nusu saa naenda zangu."

"Na vitu vyote vya zamani?"

"Vinafutika vyote, mkuu."

"Vyote kabisa?" Mkurugenzi aliuliza, na uso wake ukapata amani ambayo Eustace hakuielewa. "Safi sana. Mashine ianze maisha mapya." Akaenda kunywa chai.

Eustace naye akatoka kutafuta muhuri wa fomu ya kibali. Muhuri ulikuwa kwenye ofisi iliyofungwa, na ufunguo wa ofisi hiyo ulikuwa kwenye ofisi nyingine iliyofungwa. Aliporudi baada ya robo saa alikuta laptopu imefunikwa, na Violeth amekaa mbele yake, mikono magotini, kama mtu anayesubiri kuungama.

"Umemaliza?"

"Mzee Eustace," alisema Violeth taratibu, "nimekaa hapa nimetafakari. Hii ni mashine ya Mkurugenzi. F2 ndiyo mlango wake wa ndani kabisa. Sasa nibonyeze mimi, wa stendi, na hizi ndala? Mkoani wakisikia?"

Eustace akavuta kiti, akakaa. Miaka kumi na tisa alikuwa anahubiri itifaki kwa watu wanaosinzia, na leo mtu wa ndala anaielewa bila kufundishwa.

"Sasa unashauri abonyeze nani?"

"Mwenyewe. Mbele ya wananchi wake. Na mgeni rasmi awepo, na projekta kubwa, ili kila mtu aone mkuu wake anavyoingia kwenye teknolojia. Mimi nitashika waya tu."

Mkurugenzi alipoletewa wazo hilo alisimama. Akaenda dirishani, akafunga vifungo vya koti. "Na wapiga picha?" aliuliza. Akaambiwa watakuwepo. Akasema yeye si mtu wa kujikweza, lakini kama wananchi wanataka.

Jumanne ikaundwa Kamati ya Maandalizi ya Ubonyezaji, yenye wajumbe kumi na saba na kamati ndogo tatu: ya Chakula, ya Mapambo, na ya Kidole. Kamati ndogo ya Kidole ilikutana kwa saa mbili na nusu. Dole gumba lilikataliwa kwa sababu ni la wasiojua kusoma. Kidole cha kati kilijadiliwa kwa ufupi. Kikapita kidole cha shahada cha mkono wa kulia, na kikaombewa mapumziko hadi Ijumaa, kwamba Mkurugenzi asikitumie kwa kazi nyingine yoyote, ikiwemo ugali.

Kisha akasimama Mweka Hazina, Mzee Theonest, mtu wa miwani mbili, moja machoni na moja kipajini. "Mimi nauliza. Katika Halmashauri hii hakuna jambo linalokwenda kwa saini moja. Hiki kitufe kinakwendaje na kidole kimoja?"

"Mzee umegusa penyewe," alisema Violeth kutoka nyuma. "Kwa aina ya laptopu hii, F2 peke yake inaongeza sauti tu. Lazima ushikilie na kingine, kinaitwa Fn."

"Fn ndiyo nini?"

"Ni kitufe cha kuruhusu kitufe."

Watu wazima waliotumikia ofisi tangu ujana wao walikuwa hawajawahi kusikia kitu kizuri namna ile. Kitufe cha kuruhusu kitufe! Mjumbe mmoja akafuta macho. Ikaazimiwa kwa kauli moja kwamba Fn ishikwe na Mweka Hazina, F2 ibonyezwe na Mkurugenzi, na kwamba mmoja akiwa safarini hakuna kubonyeza.

Tatizo likabaki moja. Violeth alieleza kwamba nembo inapotokea, nafasi ya kubonyeza ni sekunde mbili. Ikipita, vidoti vinaanza kuzunguka na inabidi uzime uanze upya.

"Sekunde mbili za kazi au za kalenda?" aliuliza mjumbe.

"Za saa, mzee."

Ikaandikwa barua kwa watengenezaji wa laptopu, ng'ambo, kuwaomba waongeze muda hadi siku saba za kazi ili kuruhusu mashauriano. Hawakujibu. Eustace akaandika kwenye muhtasari: hawakupinga.

Jumatano walifanya mazoezi, na hapo ndipo utumishi ulipokutana na mashine.

Violeth anawasha. Nembo inatokea. Eustace, kwenye kipaza sauti, anasema, "Ndugu Mkurugenzi, Ndugu Mweka Hazina, wakuu wa idara, viongozi wa dini, itifaki imezingatiwa..." Vidoti vinazunguka.

Mara ya pili itifaki ilizingatiwa mapema. Nembo ikatokea, Theonest akashika Fn. Mkurugenzi akanyoosha kidole na kusema, "Kwa heshima na taadhima, naomba sasa nichukue fursa hii..." Vidoti.

Mara ya tano Theonest alishika Fn vizuri kabisa, lakini mkuu alipofika mezani akaiachia ili ampe mkono. Mara ya tisa walishika wote, ila wote wawili walikuwa wanaangalia kamera na Fn ikaachiwa. Sauti ya laptopu ikapanda hadi mwisho.

"Mkuu, samahani," alisema Violeth. "Bonyeza kwanza, halafu ndio uongee."

"Nibonyeze bila kusema kwamba ninabonyeza? Watajuaje kama nimebonyeza?"

"Wataona, mkuu."

"Binti, ukiwa kiongozi, kuona tu hakutoshi."

Mara ya kumi na nne Violeth alishauri hotuba zote zitolewe mashine ikiwa imezimwa, na mtu mdogo asiye na cheo ndiye awashe. Hilo likakubalika, kwa kuwa kuwasha ni kazi ya mikono.

Likaja suala la mpangilio. Violeth alichora kwenye ubao jinsi bayosi inavyopanga foleni ya kuamshia mashine. Namba moja diski ya ndani, namba mbili flashi, namba tatu mtandao. Akasema siku hiyo flashi itapandishwa iwe namba moja.

Mkurugenzi akakunja uso. "Hebu subiri. Diski imo humu ndani tangu mwanzo. Ina uzoefu. Hii flashi imekuja juzi kwa bodaboda, imefungwa kwenye kitambaa, ndiyo itangulie?"

"Ni utovu wa nidhamu," alisema Theonest.

"Isipotangulia haipigi Windows, wazee wangu."

Zogo likazuka. Wengine wakataka diski na flashi zitangulie pamoja. Wengine wakataka diski ipewe likizo ya heshima. Hapo Eustace akainua mkono, na maisha yake yote yalikuwa yamemwandaa kwa dakika ile.

"Ndugu wajumbe. Diski ni mwenyeji. Flashi ni mgeni. Katika shughuli yoyote ya kistaarabu, nani anatangulia?"

Wajumbe wakatikisa vichwa kukubali. Kisha makofi. Mkurugenzi mwenyewe alivuka ukumbi akampa mkono, wa kushoto, kwa sababu kidole cha kulia kilikuwa mapumzikoni. Eustace alirudi nyumbani siku hiyo akitembea katikati ya barabara.

Alhamisi jioni alipita pale kwenye benchi akihesabu viti. Martina alikuwa peke yake, amebakiza daftari moja.

"Baba Klara."

"Naam, mwalimu."

"Hebu niambie bila itifaki. Kesho mashine ikikubali, mnanichapia lini?"

"Mchana wake. Saa nane."

"Na isipokubali?"

"Utaendelea kuripoti."

Martina akafunga kalamu. "Basi naomba ikubali. Nikifukuzwa, nafasi inakuwa wazi, wanangu wataletewa mwalimu mwingine. Nikikaa hapa wanakosa vyote, mimi na huyo mwingine." Akamnyooshea lile daftari. "Hili la Klara. Amekosa namba tano. Mwambie anapovusha namba upande wa pili abadilishe alama. Anajua, ila ana haraka ambayo baba yake hana."

Eustace akalichukua. Ikabidi aanze kuhesabu viti upya. Akalaumu maharage ya mchana.

Ijumaa ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Wafugaji walikuja na fimbo zao, wachimbaji walikuja na vumbi lao, na akina mama wa Jumuiya walikuja na vitenge vya sare. Mlangoni kulikuwa na ng'ombe wanne ambao mwenye nao alisema hawakusikia tangazo. Kikundi cha ngoma kilikuwa kimepewa sekunde mbili na kikatumia dakika ishirini na tano.

Mgeni rasmi alikuwa Mama Generosa, Katibu Tawala wa Mkoa, mwanamke mfupi mwenye kofia ya mapambo na saa ya mkononi aliyoitazama kila baada ya aya.

"Mwangaluka!" alisalimia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, mayu!" ukumbi ukaitikia.

Zilitolewa hotuba saba. Mkurugenzi alizungumzia safari ya taifa kutoka jembe la mkono hadi F2. Mweka Hazina alizungumzia Fn na utawala bora. Mwalimu Martina alikuwa mstari wa nyuma, maana benchi lake lilikuwa limehamishiwa ukumbini na yeye alikuwa bado hajaambiwa asiripoti.

"Sasa," Eustace alitangaza, sauti ikimtetemeka kwa uzalendo, "mtu asiye na cheo na awashe."

Violeth akawasha. Kwenye ukuta, kubwa kama mlango wa kanisa, ikatokea nembo.

"Bonyeza tuone mwamba!" alipiga kelele mchimbaji mmoja kutoka nyuma, na wenzake wakaanza kuhesabu. "Mojaaa..."

Theonest akashika. Mkurugenzi akashusha kidole chake, kibichi, kilichopumzika siku tatu.

Ukuta ukawa wa bluu. Ukajaa maandishi meupe.

Vigelegele! Ngoma ikadundwa bila ruhusa. Ng'ombe mmoja akachungulia. Mkurugenzi aligeukia wananchi, mgongo ukutani, akanyanyua mikono yote miwili kama aliyefunga goli la dakika za mwisho, na wapiga picha wakamzunguka.

"Mgeni rasmi, itifaki imezingatiwa," alisema Violeth kwa adabu kubwa. "Huu ukurasa wa kwanza ni utambulisho wa mashine. Kuna wazazi humu hawasomi, naomba wasomewe."

Hilo lilikuwa sahihi kabisa. Katika Kabuhelele chochote kinachooneshwa kwa umma lazima kisomwe kwa sauti, na msomaji ni Afisa Itifaki. Eustace akasogea kwenye kipaza sauti, akasafisha koo, na akasoma kwa ile sauti yake ya mazishi ya kitaifa:

"Aina ya mashine: kompyuta mpakato. Namba ya utambulisho: tarakimu kumi na moja. Mali ya: Sekondari ya Wasichana Kabuhelele. Maabara ya Kompyuta. Namba saba kati ya... kumi na mbili."

Neno la mwisho lilitoka jembamba kama uzi.

Mkurugenzi bado alikuwa amenyanyua mikono. Ilichukua muda kushuka, mmoja baada ya mwingine.

"Hiyo saba tumeiona," alisema yule mchimbaji wa nyuma, kwa upole tu, kama mtu anayeulizia nauli. "Sasa moja mpaka sita ziko duara gani, shimo la nani?"

Kicheko kikaanzia nyuma, kikaja mbele kama mvua inavyokuja kwenye mabati.

"Ni hitilafu!" alisema Mkurugenzi. "Ni virusi hivyo! Wewe binti, piga hiyo Windows sasa hivi, futa vyote!"

"Nitapiga, mkuu. Hata mara kumi ukitaka. Ila hiyo haimo kwenye Windows. Waliotoa msaada waliiandika humo humo kwenye bayosi, kabla hawajaifunga kwenye boksi. Na ina nywila. Wanayo wao."

"Basi izime!"

"Kuzima kunahitaji saini ngapi?" aliuliza Violeth.

Mama Generosa hakucheka. Alivua kofia, akaiweka mezani, akatazama mstari wa nyuma. "Mwalimu mkuu ni nani hapa?"

"Ni mimi, mama."

"Hizi kompyuta ulizipokea?"

"Sikuzipokea, mama. Ndilo kosa langu."

Mama Generosa akaomba hati ya mashtaka. Akaisoma yote, hadi pale pa mtu makini, na akapasoma tena. Kisha akasema maneno machache ambayo hayakuwemo kwenye ratiba. "Wakuu wote wa idara. Kila mmoja na kompyuta anayotumia. Hapa mezani. Nawapa dakika kumi."

Theonest akasema yake iko nyumbani, na nyumbani kuna mgonjwa, na mgonjwa ana ufunguo. Wachimbaji wanne wenye mabega mapana wakajitolea kumsindikiza kumjulia hali mgonjwa. Mgonjwa alikutwa anapiga deki. Theonest akarudi na mashine kwapani, imefungwa kwenye taulo.

Na hapo Eustace aliona jambo ambalo hakuwahi kuliona katika utumishi wake. Mkuu wa idara anafika, anaweka mashine, Violeth anawasha, nembo inatokea, ukumbi mzima unahesabu, "Mojaaa..." na mtu anabonyeza. Bila hotuba. Bila fursa hii. Fn na F2 kwa mkono mmoja, peke yake, Mama Generosa akiwa amesimama nyuma yake na saa. Hakuna aliyefika sekunde ya pili.

"Namba tatu," Eustace alisoma. "Namba kumi na moja. Namba moja." Kila namba ukumbi ulipiga kofi moja. Namba tisa ilikuwa na picha za harusi. Namba nne ilikuwa haijawahi kutolewa kwenye nailoni, kwa kuwa mwenye nayo alikuwa anaogopa kuiharibu. Namba kumi na mbili ilichelewa, na alipoingia aliyeibeba, watu walisimama kwenye viti ili wamwone vizuri. Alikuwa mwenyekiti wa kamati ya nidhamu.

Eustace hakuitwa. Kwenye mgao ule hakuna aliyemkumbuka, kama ambavyo hakukumbukwa kwenye mgao wowote, na kwa miaka kumi na tisa jambo hilo lilikuwa linamuuma usiku. Sasa alisimama pale na daftari lake la mkono, la kurasa mia moja, akilikumbatia kama mtoto.

Pembeni, Martina alikuwa amemshika Violeth kiwiko.

"We mtoto. Ulijua tangu lini?"

"Jumatatu, madam. Mzee alivyoenda kutafuta muhuri. Nilibonyeza tu, nikaona, nikafunika."

"Sasa kwa nini hukusema?"

"Nimwambie nani, madam?"

Martina alifikiri, akatazama meza kuu, mmoja mmoja, toka mwanzo hadi mwisho. Akamwachia kiwiko.

Kufikia saa sita unusu, wote waliokuwa na namba walikuwa wameambiwa wakabidhi funguo za ofisi na za magari na wakae pembeni. Mama Generosa akauliza, sasa ni nani mwenye cheo aliyebaki kwenye jengo hili? Watu wakatazamana. Mlinzi akamnyooshea kidole Eustace. Funguo zote zikamwagwa kwenye mikono yake, na kati ya hizo zilikuwepo za ile ofisi yenye muhuri.

"Kaimu Mkurugenzi," alisema Mama Generosa, "hizi mashine zifike shuleni leo. Na azipeleke huyu huyu Lugalila, aliyekuwa mkurugenzi wako. Wewe nenda na hati ya makabidhiano, mwalimu asaini kwa mkono wake kwamba amepokea."

Gari halikuwepo tena la kumbeba Lugalila, kwa hiyo walipanda guta, ile pikipiki ya magurudumu matatu ya kubebea magunia. Martina alikaa mbele na dereva. Eustace alikaa nyuma na hati. Lugalila alikaa nyuma na kompyuta kumi na mbili mapajani na miguuni, akizizuia kwa mikono yote kila guta lilipopita kwenye shimo. Walipokaribia akanyoosha tai.

"Eustace," alisema, "makabidhiano lazima yawe na neno fupi. Utanikaribisha."

"Nitakukaribisha, mkuu," alisema Eustace. Mazoea ni mazoea.

Wasichana arobaini na tatu walikuwa darasani. Walipomwona Martina mlangoni hawakupiga kelele. Walisimama tu, viti vikaburuzika vyote kwa pamoja, na Klara akaanza kulia huku anacheka. Martina akawaambia wakae, na wafungue ukurasa wa mia na nne, na wanaokaa nyuma waje wapokee mashine. Akasaini hati juu ya dawati, bila kuketi.

Lugalila akasogea mbele ya darasa. Akasimama karibu na ukuta, penye mwanga mzuri. Akakohoa.

"Ndugu mwalimu mkuu," alianza, "ndugu Kaimu Mkurugenzi, ndugu wanafunzi, kwa heshima na taadhima, naomba nichukue fursa hii..."

Madawatini kompyuta zilikuwa zinafunguliwa, moja, nne, tisa, na wasichana walikuwa wameinamiana, wanabishana kwa kunong'ona, wanabonyeza, wanacheka. Msichana mmoja mrefu alikuwa amesimama mbele ya Lugalila kwa muda, waya mkononi, akisubiri apumue. Hakupumua.

"Shikamoo baba," alisema mwishowe.

"Marahaba, mwanangu."

"Samahani, naomba sogea kidogo. Umeziba soketi."